Jina la Anita kwenye Laptopu ya Wachuka

Watiri alisema msichana aliingia kwa mlango wa mwenzake bila kitu na akatoka na dhambi.

Hivyo ndivyo alivyoanza, hata kabla ya Koplo Ndila kutafutiwa pa kukaa. Jana asubuhi, alisema, alikuwa papa hapa kwenye mashine yake ya kufuma sweta, dirisha wazi kwa sababu ya moshi wa jiko. Akamwona Anita anatoka chumba chake, anapita kamba ya nguo, anafika kwa Wachuka. Anita akanyoosha mkono juu ya mlango, mahali Wachuka huweka ufunguo, akafungua, akaingia kama kwake. Alikaa humo muda wa chai kuchemka. Alipotoka alikuwa amezika mikono ndani ya sweta, akatazama huku, akatazama kule, akafunga mlango polepole. Baadaye Wachuka alirudi kutoka darasani, akawasha laptopu, na plot yote ya Kamakwa, vyumba vyote vya kupanga, ikasikia kilio. Kazi yake ya muhula mzima ilikuwa imefutwa, na jina la aliyeifuta lilikuwa pale kwenye kioo, limeandikwa.

"Anita," Watiri alisema. "Kwa herufi, afande. Hata mimi nilionyeshwa."

Ndila alivuta kiti karibu na jiko. Alikuwa mtu wa Kitui, na miaka yote aliyofanya kazi Nyeri haikuwa imemfundisha kupenda baridi ya Julai. Chuo kilikuwa kimepiga simu kituoni kwa sababu kufuta kazi ya mtu ndani ya kompyuta yake ni kosa la jinai. Lakini chuo chenyewe hakikuwa na subira. Kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa alasiri hii, na kama Ndila hangekuwa na la kusema, Anita angefukuzwa na kurudi kwao Doldol.

"Alipoingia alikuwa amebeba nini?" Ndila aliuliza.

"Hakuwa amebeba kitu."

"Uliona mikono?"

Watiri alisukuma mashine upande mmoja, ikalia kraa, akairudisha. Mgongoni mwake sweta za shule zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na dari, kila moja na kitambaa cha jina ndani ya shingo.

"Hapo nilikuwa nabadilisha uzi."

"Kwa hivyo hukuona."

"Afande, mimi naona hata nikibadilisha uzi."

"Kulikuwa kunanyesha?"

"Ilikuwa imeanza, yale manyunyu. Ndio maana hata nilisema wacha nione kama kuna mtu ataanua nguo." Watiri aliyasikia maneno yake mwenyewe. "Sawa. Labda alikuwa amebeba nguo. Hapa mvua ikianza, mwenye yuko nyumbani ndiye anaanua za wote. Hiyo ni sheria yetu."

"Na aliyetoka ameweka mikono ndani ya sweta, Julai, Nyeri, kunanyesha. Huyo amefanya nini kibaya?"

Watiri alicheka bila kutaka. "Wewe afande ni mbaya. Lakini alitazama huku na kule! Mtu wa haki anatazama mbele."

"Nguo za nani zilikuwa kwa kamba?"

"Za Wachuka."

"Na nani mwingine?"

"Nani mwingine aanike na hii hali? Wiki nzima hatujaona mlima. Mimi hata soksi nakaushia juu ya hii jiko."

Ndila aliliacha jibu hilo hapo hapo lilipokaa. Aliuliza kama wasichana hao wawili walikuwa wamegombana.

Hapo Watiri aliiacha mashine kabisa. Akasogea. "Si niseme tu? Wachuka ako na kijana, anaitwa Moffat. Wa Mwea. Kijana mzuri, mrefu. Sasa tangu hiyo masomo yao ya kompyuta ianze, kijana kila jioni ako kwa Anita. Ati wanaweka kontena. Kontena gani inawekwa na mlango umefungwa?"

"Ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa umerudishwa. Baridi. Lakini halafu akatoka kwao na mchele, ile pishori yenyewe. Na akampelekea nani? Anita. Huo mchele ukipikwa, afande, unanukia mpaka kwa barabara. Mimi nilimwambia Wachuka, mami, unasikia hiyo harufu? Hiyo ni yako inapikwa kwa sufuria ya mwingine."

"Ulimwambia hivyo."

"Si ni ukweli?"

Ndila alisimama. "Asante kwa moto, mama."

* * *

Chumba cha Wachuka kilikuwa cha mtu asiyetupa kitu. Karatasi za mkate zilikuwa zimekunjwa na kubanwa chini ya godoro, boksi za simu za zamani zimepangwa juu ya kabati, kadi za siku ya kuzaliwa zimebandikwa ukutani kwa mpangilio wa miaka. Laptopu ilikuwa mezani, imefungwa. Kitandani kulikuwa na nguo zilizokunjwa vizuri sana, pembe kwa pembe. Ndila aliweka mkono juu ya suruali ya jinzi. Ilikuwa bado mbichi.

"Hizi ni zile za jana?"

"Nilizikuta hapo." Wachuka alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini na macho yaliyovimba. "Nilipoona zimekunjwa hivyo nikajua ni Anita aliingia. Yeye ndiye hukunja hivyo."

"Basi si uzianike tena? Zitaoza."

"Na huu ukungu?" Wachuka alisema. "Haziwezi kauka."

Ndila alitazama nje ya mlango. Ukungu wa leo ulikuwa umekaa juu ya mabati kama ule wa jana. Kisha akavuta kiti.

"Nieleze hiyo kazi. Nieleze kama mtu hajui kitu, kwa sababu sijui."

Wachuka alieleza vizuri. Somo linaitwa mifumo endeshi. Wanafunzwa jinsi kompyuta inavyojiendesha yenyewe, na mwalimu wao, Barnabas, hataki wafanyie majaribio kwenye laptopu moja kwa moja wasije wakaziharibu. Kwa hivyo kila mwanafunzi anatengeneza kontena.

"Ni kama chumba ndani ya laptopu," alisema. "Iko na vitu vyake na majina yake. Unaingia humo, unafanya kazi yako humo. Ukiharibu, umeharibu hicho chumba peke yake, laptopu inabaki nzima."

"Na kazi yako ilikuwa ya nini?"

"Ya kupanga zamu. Programu zikiwa nyingi na mashine ni moja, lazima kuwe na mwenye kuamua nani anashika mashine na kwa muda gani. Ndio isiwe mmoja ameishika peke yake na wengine wanangoja tu." Alipofika hapo sauti ilipotea kidogo. "Ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nionyeshe jana."

"Mwalimu alisemaje?"

"Aliona picha. Akanipa wiki ingine. Akasema Anita aende kamati."

Picha yenyewe ilikuwa kwenye simu. Alisema alikipiga kioo cha laptopu kabla ya kugusa kitu. Ndila aliikuza kwa vidole viwili. Mwanzo wa mstari kulikuwa na jina, anita. Mbele ya jina, amri ya kufuta. Chini yake jina tena, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Hili jina linaandikwa na nani?"

"Linajiandika. Kontena inajua ni nani ako ndani."

"Na laptopu ilifunguliwaje? Haina neno la siri?"

"Iko nalo. Lakini hapa kwa plot sote tunajua za wenzetu. Tulikuwa tunaaminiana."

"Mlikosana na Anita kwa sababu gani?"

"Hatujakosana."

"Watiri anasema kuna kijana."

Wachuka alichukua kipande cha uzi kilichokuwa juu ya meza, akakizungusha kidoleni. "Moffat anafundishwa na Anita, basi. Anita alijua kontena kabla yetu. Kila mtu alifundishwa na yeye, hata mimi." Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Sijali hata huo mchele."

Ndila hakuwa ametaja mchele.

"Usiwashe hiyo laptopu mpaka nirudi," alisema.

* * *

Anita alikuwa anapanga begi. Si kwa haraka. Alikuwa anakunja blausi pembe kwa pembe, kama zile nguo za kule kwa Wachuka, na kuziweka moja juu ya nyingine.

"Bado hawajakufukuza," Ndila alisema.

"Nikingoja waniambie nitapanga nikilia, afande. Heri nipange sasa."

"Uliingia kwa Wachuka jana?"

"Niliingia. Nilianua nguo, nikakunja, nikatoka."

"Ulitazama huku na kule ukitoka."

"Nilikuwa naangalia kama kuna nguo za mtu mwingine zimebaki." Alifikiri kidogo. "Hakukuwa na za mtu mwingine."

"Laptopu uligusa?"

"La."

"Jina lako lilifikaje pale?"

Mpaka hapo Anita alikuwa anajibu kama mtu anayetoa maji kisimani, swali likishuka jibu linapanda. Sasa aliangalia blausi iliyokuwa mkononi. Ndila alingoja. Kwenye msumari karibu na mlango kulikuwa na funguo zimefungwa kwa kamba ya kiatu, na kwenye kamba hiyo hiyo kulikuwa na flashi nyekundu ya kompyuta, ndogo, iliyochubuka pembeni kwa kushikwashikwa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kubebea vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vya masomo."

"Anita. Ukinyamaza mbele ya kamati, watasema ni wewe. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Kwa hivyo kuna mtu unamficha."

"Si mtu." Alibana midomo. "Babangu alisimama sokoni Doldol akaambia watu wote binti yake anasoma kompyuta. Unadhani napenda kurudi? Lakini nikifungua mdomo, sitaharibikiwa peke yangu. Hiyo ndiyo naweza kukwambia."

Kwenye rafu kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye mchele mweupe, umefungwa fundo. Ndila aliunusa akiwa amesimama mbali. Watiri hakuwa amedanganya kuhusu harufu.

"Na huu?"

"Moffat aliniletea kwa kumsaidia. Niliupika siku moja, nikapelekea kila mlango sahani. Hata Watiri alikula akaongezwa." Aliweka blausi kwenye begi. "Sahani ya Wachuka ilirudi vile ilivyoenda. Haikuwa imeguswa. Hapo ndio nilijua kuna kitu."

* * *

Moffat alipatikana kwenye kibanda cha chai mbele ya plot, na mandazi ambayo hakuwa ameuma. Alikuwa amelala kwao Mwea tangu mwisho wa wiki na kurudi jana jioni kukuta kila mtu hasemezani na mwenzake. Mama wa kibanda alithibitisha hayo bila kuombwa. Alisema alimwona akishuka na tope la mashamba bado kwenye viatu.

"Uko na laptopu?" Ndila aliuliza.

"Iko kwa begi, afande."

"Fungua. Nionyeshe kontena yako."

Kijana alisita. "Ya nini? Mimi sikuwa hapa."

"Ndio maana nataka yako."

Aliifungua juu ya benchi, akageuza kioo watu wa barabarani wasione. Vidole vyake viliandika. Mstari mpya ukatokea. Ndila akainama. Mwanzo wa mstari hapakuwa na jina la Moffat. Palikuwa na neno moja, darasa.

"Kwa nini inasema darasa? Nimeambiwa kontena inajua ni nani ako ndani."

"Ni nani amekuambia hivyo? Haijui." Moffat alicheka, akaona uso wa Ndila, akaacha. "Inasema jina ambalo mwenye kuitengeneza aliiandikia. Hata paka akiandika hapa, itasema darasa."

"Na hii ilitengenezwa na nani?"

Moffat aliangalia mandazi yake.

"Kijana. Rafiki yako anapanga begi saa hii."

"Ukimwambia mwalimu tutakatwa alama sote."

"Sijaja kwa sababu ya alama."

Basi akasema. Kuweka kontena ilikuwa sehemu ya mtihani wenyewe. Barnabas alitaka kila mmoja ajipakulie na kujiwekea hatua kwa hatua. Lakini kupakua kitu kikubwa hivyo kunakula bando lote la intaneti la mtu, na mtandao wa Kamakwa ukiona ukungu unalala. Kwa hivyo Anita alipakua mara moja, akatengeneza kila kitu mpaka kikakubali, akakiweka chote kwenye flashi yake nyekundu. Flashi ikazunguka plot mlango kwa mlango, kama kiberiti.

"Hiyo ya kwanza ilisema nini hapa mbele?"

"Ilisema anita. Aliitengeneza yake kwanza, hakujua tutaitaka. Kwa hivyo sisi wote, ukiingia ndani, wewe ni anita." Alitabasamu kidogo akikumbuka. "Tulikuwa tunaitana hivyo hata darasani. Anita wa Mwea, Anita wa Naro Moru."

Ndila aliona kesi yote ya chuo ikianguka hapo kwenye benchi kama kikombe. Jina lililokuwa kwenye picha halikuwa la mtu. Lilikuwa la kila mtu. Lakini hakusimama bado, kwa sababu neno lililokuwa mbele yake lilikuwa jingine.

"Ilibadilika lini kuwa darasa?"

"Wachuka alikataa." Moffat alishusha sauti. "Alikuja kwangu, nikafungua laptopu, akaona hilo jina. Akaniuliza, kwani siku hizi unaingia kwa Anita hata ukiwa kwako? Nikadhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Alisema hawezi kuamka kila siku afungue kitu chake mwenyewe akute jina la huyo msichana. Ilikuwa vita. Sasa Anita akatengeneza ingine, akaandika darasa, ndio amani irudi. Flashi ikazunguka tena. Sote tukahamia hiyo."

"Wachuka pia?"

"Yeye ndiye alikuwa wa kwanza! Alituonyesha kazi yake wiki iliyopita kwa hiyo mpya, kila mtu aliona. Inapanga zamu vizuri kuliko zetu sote."

"Na ile ya kwanza, yenye jina la Anita?"

"Mimi nilifuta. Inajaza nafasi. Anita mwenyewe alifuta kwa flashi, ndio hiyo ya pili ienee. Sijui ni nani angebaki nayo."

Ndila alijua chumba kimoja ambamo hata karatasi ya mkate haikutupwa.

"Swali la mwisho. Mtu akiwa na zote mbili kwa laptopu moja, ile ya zamani na hii mpya. Akifuta kazi ndani ya moja, ile nyingine inakuwaje?"

"Haina habari. Ni vyumba viwili. Ukimwaga maji kwa hiki, kile ni kikavu."

"Kula mandazi yako," Ndila alisema.

Alipopita dirisha la Watiri, mashine ilikuwa inalia kraa, kraa. Alisimama, akanyoosha mkono ndani na kuinua sweta moja iliyokuwa kando ya mashine, akageuza shingo ndani nje.

"Mama, wanafunzi wakienda kuiba maembe ya mtu, wanavaa sweta zilizo na majina?"

"Ni nani mjinga hivyo? Wanavua." Watiri alifikiri. "Ama wanavaa ya mwingine."

* * *

Wachuka hakuwa ameigusa laptopu. Alikuwa ameketi kitandani kando ya zile nguo mbichi. Ndila alifunga mlango nyuma yake, na ukuta ukaanza kuleta sauti za chumba cha pili, hatua za Anita, kabati likifunguliwa.

"Ulifua jana asubuhi," Ndila alisema.

"Ndiyo."

"Ukaanika."

"Ndiyo."

"Kwa ukungu ambao leo umeniambia haukaushi nguo. Plot nzima hakuna aliyeanika ila wewe. Ulijua kutanyesha kabla ya saa nne, kama kila siku wiki hii. Na ulijua ni nani hana darasa asubuhi, na mkono wake hauwezi kuacha nguo za mtu zinyeshewe."

Wachuka aliivuta ile suruali mbichi karibu naye.

"Uliniambia kontena inajua ni nani ako ndani."

"Sikumaanisha..."

"Nyote mlikuwa anita. Halafu nyote mkawa darasa. Wewe ulikuwa wa kwanza kuhama, kwa sababu wewe ndiye ulilia. Kwa hivyo mtu aliyefuta kazi yako jana alirudi kwanza kwenye ile ya zamani, akaingia humo, ndio jina litokee. Anita angeificha sura yake, hangevaa jina lake mwenyewe akienda kuiba."

"Labda ni Moffat."

Alilisema haraka, na Ndila aliona jinsi lilivyomchoma likitoka.

"Moffat alikuwa Mwea. Washa laptopu."

Aliiwasha. Neno la siri aliliandika bila kuangalia.

"Fungua ile ingine. Ile ya darasa."

"Hiyo nilifuta."

"Wewe? Ulifuta?" Ndila alitazama boksi za simu juu ya kabati, kadi za ukutani, karatasi za mkate chini ya godoro. "Fungua."

Vidole vya Wachuka vilikaa juu ya vitufe muda mrefu. Kisha vikaandika kidogo, na mstari ukatokea, darasa, na chini yake yakafuata majina ya faili, moja baada ya jingine, yote. Ndila hakuhitaji kuelezwa. Alinyoosha kidole.

"Hii ndiyo inapanga zamu?"

"Ndiyo."

"Inafanya kazi?"

"Ndiyo." Machozi yalikuwa yanateremka lakini sauti ilikuwa imara, kama mtu anayeulizwa na daktari. "Nilinakili nikaweka kwa ile ya zamani. Halafu nikafuta huko. Nikapiga picha."

"Kabla ya kwenda darasani."

"Kabla. Nikaanika nguo, nikaenda."

"Na kazi ukaibakisha."

"Nilijaribu kuifuta, afande. Nilitaka iende kweli. Nilishindwa. Ni nzuri." Alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Ni kitu kimoja tu hapa ambacho sikufundishwa na yeye."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea! Hiyo ndiyo mbaya." Wachuka aligeuka kwa mara ya kwanza. "Angenikosea ningemwambia. Yeye ni kusaidia tu, kusaidia tu. Anasaidia Moffat mpaka Moffat anacheka vile hajawahi cheka na mimi. Anapewa mchele wa kwao. Mimi miaka miwili sijaletewa hata punje. Na yeye anaupika halafu ananiletea kwa sahani! Ningekula aje? Niambie. Ungekula?"

Ndila alikuwa ameweka kofia yake juu ya meza alipoingia. Sasa aliichukua. Nje mtu alipita na ndoo. Mashine ya Watiri ilikuwa imenyamaza, na kimya chake kilikuwa cha mtu aliyeweka sikio ukutani.

"Vaa viatu," Ndila alisema. "Kamati inaanza."

Wachuka alishuka kitandani, lakini hakutafuta viatu. Alipiga magoti mbele ya laptopu, akaandika amri nyingine polepole, herufi kwa herufi, akaacha kidole juu ya kitufe cha mwisho bila kukibonyeza. Ndila alikuwa ameiona amri hiyo mara moja leo, kwenye picha. Tofauti ilikuwa jina la mbele.

"Afande, sikia. Anita atatoka, mimi sitaki tena afukuzwe. Tutasema ni stima ilipotea, laptopu ikachanganyikiwa, hakuna aliyefanya. Na mimi nitafuta hii yote sasa hivi, mbele yako. Yenyewe, si ile ya uongo. Nitakosa alama, nitarudia mwaka, sitalalamika. Hivyo si nitakuwa nimelipa?"

Ukutani, zipu ya begi la Anita ilivutwa, ikakwama, ikavutwa tena mpaka mwisho.

"Lakini wasijue ni wivu," Wachuka alisema. "Moffat asijue. Afande, niruhusu nifute."

Ndila alisimama na kofia mkononi, akiangalia kile kidole.

"Afande?"